Fundo Moja kwa Wafu

Kamanda aliisoma barua ile kwa sauti, na kila alipofika kwenye neno "mkasema" aliipiga meza kwa kiganja, kana kwamba meza ndiyo iliyoiandika.

"Umeme ukakatika, mkasema umepepesa. Mashine zikanyamaza, mkasema zimepumzika. Watu wakafa, mkasema hakuna aliyekufa. Uongo wenu tumeuloweka, tumeuchemsha, tumeusugua mpaka vidole vikatoka ngozi, na doa liko palepale. Mmetupiga pasi tukiwa ndani ya nguo. Wafu wetu mmewafunga fundo moja. Sisi tulio hai mmetufunga mawili. Ngojeni. Na nyinyi mtafungwa, na mikono itakayowafunga ni hii hii."

Mbele yake alisimama Inspekta, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Askari wa kituo walimbandika jina la Mama Tena, kwa kuwa kila aliyekaa mbele yake aliambiwa aseme tena, na akishasema tena, aseme tena. Kando ya dirisha alikaa Mhadhiri wa fasihi aliyeletwa na makao makuu. Alikuwa kijana wa suti, akiwa na taarifa yake mapajani na kalamu mkononi, na kalamu yenyewe alikuwa hajaifungua.

Barua ilitundikwa kwenye lango la hospitali kuu, na kabla jua halijapanda ilikuwa kwenye kila simu. Ilielekezwa kwa mkuu wa jimbo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa inasema nini, maana mji mzima ulijua umeme ulikatika hospitalini, jenereta halikuwaka, na mafuta ya jenereta lile yalionekana siku hiyo hiyo yakiwasha taa na spika kwenye jukwaa la mkuu wa jimbo. Tangazo la serikali lilisema hakuna mgonjwa aliyepoteza maisha. Watu walilisikia, wakabana midomo.

Kamanda alimgeukia Mhadhiri, akamwamuru amweleze huyu mama alichokiona humo. Mhadhiri akakohoa. Alisema fundo ni ishara ya kitanzi. Fundo moja ni kisasi cha waliokufa, mafundo mawili ni watu wawili wanaolengwa, yaani mkuu wa jimbo na katibu wa hospitali. "Mikono hii hii" ni genge. Alisema hayo huku akiutazama ukuta.

"Kuchochea mauaji," Kamanda alisema. "Hapo ni kifungo cha maisha. Mwandishi tunaye na amekiri. Alasiri gari la makao makuu linakuja kumchukua, na Mhadhiri atatia saini taarifa yake kabla gari halijaondoka. Wewe nataka maelezo yake tu, safi, yasiyo na makorokoro. Usianze mambo yako ya tena na tena."

Inspekta alisema sawa afande. Akaichukua nakala iliyokamatwa nyumbani kwa mtuhumiwa, akashuka nayo selo.

Mtuhumiwa alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi hata nusu ya askari wa kituo kile walikuwa wamepita mikononi mwake na viboko vyake. Alikuwa amelala sakafuni, kifua kikimkoroma, lakini shati alilovaa lilikuwa jeupe pe, na kola yake ilikuwa na ukingo wa kukata karatasi. Mkewe alilileta asubuhi. Inspekta alimwona pale mapokezi, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, akibishana na askari wa zamu, na askari akimwondoa kwa kumshika bega.

"Barua ni yangu," Mwalimu alisema kabla hajaulizwa. "Kila mstari. Andika tusichoshane."

Inspekta akavuta kigoda. Akamwomba amfundishe kidogo, kwa kuwa shuleni alipita haraka. Mzee akachangamka kama aliyewekewa ubao mbele yake. Neno "mkasema", alieleza, ni takriri, na kila linaporudi hasira inapanda daraja. Umeme kupepesa ni tashihisi, kitu kisicho na jicho kimepewa jicho, na kinaya kimo humo humo, kwa sababu maneno yanayonukuliwa ni ya serikali yenyewe. Alieleza vizuri. Hata askari wa mlangoni alisogea kusikiliza.

"Na mafundo?"

Mwalimu alinyoosha kola yake. "Mafundo ni ndoa."

"Sema tena."

"Ndoa. Muungano wa serikali na uongo. Wamefungana."

"Lakini waliofungwa ni wafu, Mwalimu. Fundo moja. Walio hai wana mawili. Kwa nini wafu wapungukiwe fundo?"

"Mwandishi hadaiwi maelezo ya kila kitu."

"Ulinifundishia dada yangu," Inspekta alisema. "Alirudi nyumbani analia, kwa sababu uliichana insha yake mbele ya darasa. Ulimwambia asiandike kitu ambacho hajakishika kwa mkono wake. Wewe fundo hili umelishika wapi?"

Inspekta akaifungua nakala. Pembeni ya mistari kulikuwa na wino mwekundu, koma zilizoongezwa, herufi iliyosahihishwa, na pale kwenye pasi palikuwa na alama ya vema na maneno mawili: "Hapa umepiga."

"Unajisahihishia mwenyewe kwa wino mwekundu?" aliuliza. "Na unajipongeza?"

"Mazoea."

"Mwalimu, unamfichia mtu kifungo cha maisha. Kama ni mwanafunzi wako, niambie ana nini cha kukufanya ukubali kufa humu kwa ajili yake."

Mwalimu aligeuza uso ukutani. Alisema yeye ni mzee, kifua kimeshachakaa, na serikali ikitaka mtu wa kufunga ingepata hasara kidogo kwake kuliko kwa mwingine. Kisha akaomba aachwe alale.

Inspekta alipanda ngazi akiwa amefura. Wanafunzi wa mzee walikuwa mji mzima, na alasiri ilikuwa inakuja mbio. Aliisoma barua tena akiwa amesimama koridoni, lakini safari hii hakutafuta maana. Alitafuta vitu. Kuloweka. Kuchemsha. Kusugua. Doa. Pasi. Vidole vilivyotoka ngozi. Barua nzima ilikuwa imelowa maji. Aliyeiandika hakwenda mbali kutafuta mifano, aliiokota pale alipokuwa amesimama. Ilitundikwa lango la hospitali. Na mzee wa watu selo anavaa kola ambayo pasi ya nyumbani haiwezi kuitoa.

Hakumuaga Kamanda.

Kwa madobi wa hospitali palikuwa nyuma ya jengo la wagonjwa, chini kabisa, mahali ambapo wageni hawapelekwi. Mvuke ulimpokea mlangoni, ukamvalisha jasho papo hapo. Mashine kubwa zilikuwa zinazunguka kwa kelele, na katikati ya kelele wanawake na wanaume wachache walipigiana soga kwa kupaza sauti. Mmoja alikuwa anamtania mwenzake kwamba mumewe akifuliwa atapungua saizi, afadhali amkaushe kivulini. Walipomwona mgeni wakakata.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, toroli likaingia limejaa mafurushi ya mashuka. Anayesukuma alikuwa amezidiwa na kizingiti. Inspekta, bila kufikiri, alinyoosha mkono kushika furushi lililotaka kuanguka.

Alipigwa kofi la mkono likalia paa.

"Macho unayo, kichwa huna?" Mwanamke mfupi mwenye mikono minene alikuwa amesimama kati yake na toroli. "Huoni limefungwa mawili?"

Inspekta akaangalia. Mafurushi yote yalikuwa yamekusanywa pembe nne, yakafungwa fundo moja. Lile moja lilikuwa na mafundo mawili, moja juu ya jingine. Dobi wa kiume alikwishavaa glavu nene za mpira hadi kwenye kiwiko. Alilibeba peke yake kama anavyobebwa mtoto, akaenda nalo kwenye beseni la pembeni. Mwanamke mmoja alishusha kitambaa chake cha kichwa mpaka kwenye nyusi.

"Nimeona sasa," Inspekta alisema. "Nilikuwa nakutafuta wewe, mama. Tulipishana asubuhi kituoni."

Mke wa Mwalimu alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Hapa kila mtu alimwita Dada Mkubwa, na hakuna aliyeguswa na polisi mle ndani bila yeye kujua. Alimpeleka kwenye chumba cha pasi, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mnatafuta nini tena? Si mna mwandishi wenu?"

"Nimemuuliza mafundo mawili ni nini."

"Akasemaje?"

"Ni ndoa."

Mama yule alikuwa ameshika pasi. Aliiweka chini polepole sana.

"Ndoa," alisema. "Ya nani na nani?"

"Ya serikali na uongo."

Alicheka, lakini uso haukucheka. "Yule mwanamume nimempikia chakula na kumzalia watoto. Kila siku narudi nanuka jiki, yeye ananisomea gazeti. Hata siku moja hajaniuliza huku chini kuna nini. Nilimpa barua yangu aniwekee koma. Koma tu. Akaniambia hapa umepiga, hapa umepiga. Nikafurahi kama mjinga, kumbe hajui nimepiga nini."

"Kwa nini hukusema wakati wanamkamata?"

"Nani kakwambia sikusema?" Sasa sauti ilipanda. "Askari wako walipogonga, nilikuwa natoka jikoni niseme ni yangu. Yeye akaruka mbele, ni yangu, ni yangu. Wakanisukuma pembeni kwa kuwa nimeshika ufagio. Leo asubuhi nimekuja mwenyewe, nimemwambia wa mapokezi: barua niliandika mimi. Unajua alinijibuje? Mama, acha shati uende, mapenzi yasikutie wazimu."

Inspekta hakutetea mtu. Akamwomba aanze mwanzo, kwenye fundo.

Dada Mkubwa alieleza akiwa amesimama. Mgonjwa akifa, alisema, kitanda hakipekuliwi. Mwili unaondolewa, na wodi inataka kitanda. Mashuka yanakunjwa na vilivyomo, mara sindano, mara mrija, mara wembe. Basi tangu zamani, kabla yeye hajaajiriwa, wahudumu wa wodi huyafunga mara mbili, ili dobi akiona tu ajue asitie mkono mtupu. Haijaandikwa popote. Haifundishwi. Anayeingia kazini anapigwa kofi la mkono siku ya kwanza, na hasahau.

Umeme ulipokatika, kesho yake asubuhi matoroli yalianza kushuka. Mawili juu ya mawili. Chumba kizima kilinyamaza, kwa sababu mafurushi yalikuwa yanawaambia kilichotokea juu. Halafu katibu wa hospitali alishuka mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kukanyaga mvuke ule, na wanaume wawili wasiojulikana. Alisema mafundo yote yafunguliwe, yafungwe moja moja, yachanganywe na mengine, kwa sababu kuna wageni wa serikali watapita kukagua na hataki waone.

"Aliyajuaje mafundo?"

"Kuna mhudumu alimwambia, labda kwa woga. Sijui. Alijua idadi ya mafundo, hakujua kazi yake. Yeye aliona ushahidi. Hakuona sindano."

Wifi yake, dada yake Mwalimu, alikuwa zamu ya mchana siku ile; wa asubuhi walikwishaondolewa na wale wanaume wawili bila nafasi ya kumwonya. Alikuta mlima wa mafurushi ya fundo moja, akaingiza mikono kama siku zote. Sindano ilimpita kiganjani mpaka ikatokea upande wa pili. Alifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Mkono ukavimba, homa ikapanda, na wodi ambayo angelazwa haikuwa na dawa. Alipozikwa, katibu alituma salamu za pole zikisema marehemu aliugua kwa muda mrefu.

"Mwalimu anajua?"

"Anajua dada yake alikufa kwa homa. Nilitaka kumwambia siku ile ile nilipomaliza barua. Nilidhani akiisoma ataelewa, maana si ndiyo kazi yake? Akaelewa takriri."

Inspekta alimwambia ukweli ulivyo. Akisema hayo mbele ya Kamanda, kuna uwezekano mkubwa gari la alasiri likamchukua yeye badala ya mumewe, na watu wale wakitaka kitanzi watakiona hata kwenye kamba ya viatu.

"Basi nipande," Dada Mkubwa alisema, akivua aproni. "Lakini nipande kwa nilichoandika mimi. Sipandi kwa walichokiandika wao."

Walipoingia ofisini, gari la makao makuu lilikuwa limekwishaegeshwa uani na dereva amesinzia. Taarifa ya Mhadhiri ilikuwa mezani. Kalamu ilikuwa imefunguliwa.

Kamanda alimwangalia mama yule, akaangalia mikono yake iliyochubuka, akamuuliza Inspekta ni nani aliyemtuma kwa madobi.

"Aliyeandika barua ni huyu, afande. Na hakuna kitanzi ndani yake."

"Mtuhumiwa amekiri."

"Amekiri barua asiyoielewa. Muulize fundo."

Kamanda alisema hamuulizi mtu fundo, fundo ni lile alilolieleza mtaalamu. Alisema mengi, na mengine hayafai kuandikwa. Inspekta alingoja apumue, kisha akamweleza kuhusu mafurushi, kwa ufupi, bila kupamba. Alipofika kwa katibu wa hospitali na amri ya kufungua mafundo, Kamanda alimkata.

"Hiyo ni hadithi ya madobi."

Mhadhiri ndiye aliyezungumza, na hakuzungumza na Kamanda. "Samahani, mama. Mstari wa mwisho. Na nyinyi mtafungwa, na mikono ni hii hii. Hapo ulikusudia nini?"

Dada Mkubwa alimgeukia. "Wewe ndiye uliyesema nataka kunyonga watu?"

"Ndiyo."

"Nilikusudia hivi. Kila mtu shuka lake litashuka kwetu. La mkuu wa jimbo litashuka. La afande huyu litashuka. Litafungwa mawili, na nitalifua mimi au mwenzangu, vizuri, kama la mtu mwingine yeyote, kwa sababu sisi kazi yetu tunaifanya. Ningetaka kumuua mtu ningelifunga shuka fundo moja nikanyamaza. Katibu ndiye aliyefunga moja."

"Na walio hai, mawili?"

"Mmetuhesabu maiti, baba. Tunatembea, tunafua, tunasema watu wamekufa, na nyinyi mnatupita kama tumeshabebwa."

Dereva wa gari alipiga honi uani, akauliza kama kuna mtu au hakuna.

"Tia saini," Kamanda alisema.

Mhadhiri alifunga kalamu. Alisema taarifa yake ya kwanza ilisema kwamba barua ina hasira na haina kitisho, na kwamba fundo ni kitu cha kazi fulani ambacho yeye hakijui, kiulizwe kwa wenye kazi. Makao makuu waliirudisha, wakamwambia atazame upya. Akatazama upya. Alisema hivyo, akaichukua taarifa ya pili kutoka mezani na kuikunja mara nne ndani ya koti lake.

"Bila saini yangu mna barua tu," alisema. "Na barua si kosa la maisha."

"Gari lile halirudi tupu," Kamanda alimwambia. "Mtapanda nyote watatu nikitaka." Kisha akatoka kwenda kupiga simu, na mlango aliubamiza hadi kalenda ikaanguka ukutani.

Inspekta alimwagiza askari ampandishe Mwalimu. Mzee alifika akihema kwa ngazi, akamwona mkewe, akaanza palepale kusema kwamba huyu mama hajui lolote, barua ni yake.

"Nyamaza," Dada Mkubwa alisema. "Umeniibia jina, sasa nisikilize."

Alimweleza kuhusu dada yake. Hakutumia maneno mengi. Fundo moja, mkono mtupu, sindano. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama, na alipoelewa alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa. Alisema alifanya vile ili kumwokoa.

"Najua," mkewe alisema. "Ndiyo maana sijakupiga mbele za watu. Ulikuwa tayari kunifia, mume wangu, lakini kunisikiliza uliona kazi."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Baadaye kidogo, kwa sauti ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia, alimuuliza huko kazini huwa anasimama wapi. Dada Mkubwa alikwishamgeukia Inspekta.

Nje, Kamanda alisikika akisema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Inspekta alilisukuma pembeni jalada la uchochezi. Akatoa jipya kabatini, na pale pa kosa akaandika: vifo vya hospitali na amri ya kuficha. Pale pa mshitakiwa akaandika cheo cha katibu wa hospitali, akaacha nafasi chini yake kwa wengine. Kisha akavuta kiti kwa ajili ya shahidi.

"Simu ile ikiisha atarudi hapa kuninyang'anya hili," alisema. "Kwa hiyo tuanze. Toroli la kwanza lilitoka wodi gani, na nani alilisukuma?"

"Wodi ya watoto," Dada Mkubwa alisema. "Andika. Aliyelisukuma ninamjua kwa jina, na ataletwa hapa na mimi mwenyewe. Alikuwa analia. Nilimuuliza kulikoni, akanionyesha mafundo."

Inspekta aliandika. Mlango ukafunguliwa nyuma yake, hakugeuka.

"Sema tena," alimwambia, "kwa sauti, afande asikie."